Mchezo wa Vijino Dunguni

Watu walitegemea nirudi na cherehani. Nilikuwa yaya Utete kwa bwana mmoja wa Boma, nimewalea watoto wake tangu wanatambaa hadi wanaendesha baiskeli, na bwana alipohamishwa kurudi kwao Ulaya, ukoo wetu wote pale Kibiti ulikaa barazani kungoja mzigo wangu. Nikafungua furushi langu la kanga. Ndani mlikuwa na magauni, kikombe cha bati, na kiboksi chekundu kinachoenea kiganjani.

"Na hiki nacho?" akauliza baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu.

"Mchezo," nikajibu.

"Mchezo!" Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Jamani, mtoto wa watu katumikia Wazungu ujana wake wote, wamempa vijino!"

Weee, walicheka! Uso ulinishuka nikatamani kurudi nilikotoka. Lakini kusema kweli baba mdogo hakukosea jina. Ukikifungua kile kiboksi unakuta ubao mdogo wa miraba, kila mraba una tundu lake, na pembeni vimejipanga vipande vya herufi, kila kimoja na kijiti chini yake kama jino na mzizi. Unachomeka herufi tunduni, unaunda neno. Mwenzako anaunda lake kwa kupitia lako, na kila herufi ina pointi zake. Pale Utete walikuwa na ule mkubwa pia, wa mezani, vipande vyake bapa, mtoto akipiga chafya maneno yote yanakuwa uji. Huu mdogo ulikuwa wa safari. Bibi mwenye nyumba alikuwa akiuchukua anapomfuata mumewe kwenye ziara za mtoni. Motaboti inayumba, mvua inapiga ubavuni, na neno halitikisiki. Ndimo nilimojifunza, maana bwana hakuwa na subira ya mchezo na yule mama hakuwa na mwenzake. Siku ya kuondoka alinitia kiboksi mkononi, tukalia wote wawili gatini.

Sasa hayo yote ningemweleza vipi baba mdogo?

Aliyekichukua akakigeuzageuza bila kucheka ni bibi yangu, mama yake huyo huyo baba mdogo.

"Mke mwenzangu," akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu nazaliwa, utani wetu wa bibi na mjukuu. "Hiki kinakaa dunguni?"

Nyumba zetu zilikuwa Kibiti, nchi kavu, lakini mpunga wetu ulikuwa chini kule Delta, mto unapojigawa vijito na mafuriko yanaacha udongo mweusi unaonata kama asali. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka kwa makundi, na mwenye shamba hahami tena. Anaishi juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, paa la makuti, sakafu ya fito zilizoachana. Kutwa kucha anawinga ndege, kwa kombeo, kwa debe, kwa koo lake mwenyewe. Na fito zile zina njaa! Kijiko, sindano, kopo la ugoro la bibi, vyote vilikwisha pita katikati yake vikaingia matopeni. Kitu chochote cha kulazwa tu hakikai dunguni.

"Kinakaa," nikasema. "Herufi zimechomekwa, hazidondoki."

"Basi funga mzigo."

Mwaka ule alinihitaji. Shamba lake alilirithi kwa mama yake, na kando ya kijito kile halikuwapo jingine la kulishinda. Baba mdogo alikuwa ameoa mke mpya, na huyo bi mdogo alikuwa amepewa shamba la mwisho kabisa, kwenye mikoko, mahali ambapo chumvi inakula mizizi. Basi mwanamume akaanza kulizunguka shamba la mama yake kwa maneno ya sukari. Mama umechoka. Mama upumzike. Mama, bi mdogo ana nguvu zake, muachie yeye. Bibi akijibu, "Kwetu sisi anayepumzika ni maiti." Lakini alijua, nami nilijua, kwamba shamba likimtoka atabaki kukaa uani kwa mkaza mwanawe akinyoosha sahani, na bibi yangu hakuwahi kuomba wali kwa mtu tangu avunje ungo. Nilimwogopea sana.

Tukashuka Delta kwa mtumbwi, mimi, bibi, chungu, mkeka na kiboksi.

Bibi alikuwa amesoma chuoni udogoni mwake, msahafu anausoma bila kugugumia, ila herufi za Kizungu alikuwa akiziona kwenye magunia tu. Nilidhani nitapata kazi ya kumfundisha. Thubutu! Alizishika upesi hivyo hata nikaona aibu ya miaka yangu darasani. Shida ilikuwa moja. Siku ya kwanza alichomeka herufi zake, akajikunja nyuma kwa furaha kama aliyepiga nguruwe.

"Bibi, umeandika ABAB."

"Nimeandika baba."

"Umeanzia kulia."

"Nimeanzia panapoanziwa. Wewe ndiye umekaa upande mbaya."

Ilibidi nihame, nikakae upande wake. Halafu akaulalamikia ule mchezo wenyewe. Herufi A zilikuwa chache, K moja, Z moja, wakati zile ambazo hatukuwa na kazi nazo zimejaa tele. "Wenzetu hawa wanapika bila chumvi," akasema. Tukachonga nyingine kwa matete makavu, tukazichora kwa sindano ya moto, zikaingia tunduni sawasawa. Ile Z ilikuwa na pointi nyingi kabisa, kwa sababu Wazungu hawaitumii sana, na bibi alifurahi mno alipojua. Sisi tuna maneno ya Z hata ya kugawia majirani.

Ubaya wa mchezo huu ni kwamba unakunyamazisha. Mtu anatazama herufi zake, anasogeza hii, anarudisha ile, midomo inacheza bila sauti. Mchana mmoja bibi alikuwa na herufi nzuri na hakuona pa kuzichomeka. Nikamwambia, "Bibi, ndege." Akasema, "Ngoja." Nikasema tena. "Ngoja, nimekwambia! Nikiinuka nitalisahau." Nami, nikitaka kumwona ameshindwa, nikakaa pale kumwangalia. Tulipoinua vichwa, pembe yote ya shamba inayoelekea kijitoni ilikuwa imegeuka rangi. Kwelea wametanda, masuke yameinama kwa uzito wao. Nikashika debe, bibi akashika kombeo, tukapiga kelele kama tumevamiwa, wakaruka. Wakatuachia makapi matupu.

Na nani amesimama chini ya ngazi, kanzu imekunjwa magotini, viatu mkononi? Baba mdogo. Alikuja kutuletea chumvi.

Alipanda, akautazama ubao, akamtazama mama yake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema taratibu, "Mama, hata watoto hawalindi hivi."

Kesho yake akaja na jumbe. Jumbe alikuwa mzee wa watu, mtu wa haki, lakini haki ya shamba ni mpunga, na mpunga wa pembe ile ulikuwa umeliwa. Akasema tungoje mavuno. Shamba la bibi likionekana limeliwa kuliko mengine kandoni mwa kijito, mwakani atalima bi mdogo.

"Na lisipoliwa?" akauliza bibi.

Baba mdogo akacheka. "Mama nawe!"

"Nakuuliza mbele ya jumbe. Lisipoliwa, utasemaje?"

"Nitasema shamba lako, mama, niseme nini tena?"

"Haya. Nenda."

Walipoondoka nilikifunga kiboksi nikakitia chini ya mkeka, nikaapa sitakifungua hadi mavuno. Nilikuwa nalia. Bibi aliniacha nilie, akapika uji, akanywa, akafuta mdomo, kisha akasema, "Kilete."

"Bibi, Mungu anakuona!"

"Kilete, nina neno."

Nikakifungua. Mchezo wa jana ulikuwa palepale ulipoachwa, kila herufi tunduni mwake. Akachomeka MWIZI, herufi moja moja, akizikandamiza kwa kidole gumba kama anaua chawa. Hasira zilikuwa zimemjaa kooni. Akainuka, akashika nguzo ya dungu, akawatazama ndege waliokuwa wakizunguka juu ya kijito, akapasua sauti, "Mwiziiii! Mwizi weeee!"

Lo! Kundi zima liliruka kama shuka lililokung'utwa.

Kwenye dungu la pili alikaa Mmatumbi mmoja, mama wa mtoto mchanga, sauti yake ukiisikia utadhani imepita kwenye pembe. Akaitika kwa hofu, "Mwizi wapi?"

"Hapana mwizi!" bibi akamjibu. "Ni neno! Nauliza, neno mwizi lipo au halipo?"

Yule mama akapiga yowe, "Lipooo!" na ndege waliokuwa wanataka kutua kwake nao wakaruka.

Bibi akaketi, macho yanamcheka. Akasema kuanzia sasa neno halihesabiwi mpaka lipigiwe kelele, na majirani waseme kama lipo. Usipopiga kelele, pointi huna. Basi!

Hivyo ndivyo tulivyocheza msimu ule. Huko Utete ugomvi wa neno uliamuliwa kwa kamusi nene. Sisi kamusi yetu ilikuwa imekaa kwenye madungu, na ilikuwa na mdomo. Bibi anachomeka WISHWA, anasimama, analirusha neno juu ya mpunga, na majibu yanakuja kutoka huku na huku, Lipooo! Lipooo! Mimi siku moja nikajifanya mjanja, nikachomeka SKETI.

"Halipooo!" ikatoka dungu la pili. "Vaa kanga, mwanamke!"

Bibi alipiga vigelegele hivyo hata nikasahau kununa. Wakati mwingine walibishana wao kwa wao, huyu anasema lipo, yule anasema hilo la Kindengereko halimo, na ubishi unapita juu ya bonde kutoka dungu hadi dungu, na ndege maskini hawapati hata nukta ya kutua. Sikuwahi kuona watu wanagombana kwa faida namna ile.

Haikuchukua muda Mmatumbi akachoka kuitika tu. Akataka kucheza. Nikakifunika kiboksi na mchezo wake ndani haujaisha, nikajifunga kanga, nikapita matopeni maji ya magoti, nimekiweka kichwani. Nilipofika nikakifunua. Neno hata moja halikuhama! Akakitazama akasema, "Ala, kimelala usingizi huku kinatembea." Akachomeka lake, mimi nikimshika kidole kumwonyesha herufi, akalipigia kelele, na bibi kutoka dunguni kwake akajibu lipo. Baada ya hapo dungu la tatu wakaniita. Nikawa natembea na kiboksi kutwa, mchezo mmoja unapita mstari mzima wa madungu, kila mwanamke anaongeza neno lake. Wanawake ambao hawakuwahi kushika kalamu walizijua herufi kwa sababu walizitaka. Mmoja aliniambia anaziota. Mimi niliyechekwa barazani, sasa nikitokea tu kwenye ngazi napewa muhogo wa kuchoma na mahali pazuri pa kukaa, na nilijiona mkubwa, sifichi.

Dungu moja tu sikulifikia, la bi mdogo. Baba mdogo alimkataza. Alisema mke wake hatapayuka maneno mashambani kama mwendawazimu. Kwa hiyo kwake kulikuwa na debe moja na bi mdogo mwenyewe, binti wa watu, analipiga kwa adabu, ko, ko, ko. Ndege si wajinga. Kama mashamba yote yanapiga kelele na moja limenyamaza, wewe ungekula wapi? Tuliwaona wanafukuzwa kwetu, wanafukuzwa dungu la pili, la tatu, wanafuata kijito hadi kwenye mikoko, na pale wanashuka wote kwa pamoja.

Nilicheka siku ya kwanza. Bibi hakucheka. "Yule msichana hana kosa," akasema. Akamwita kwa sauti, akampa neno, akamwambia ajibu. Tukangoja. Ikaja sauti nyembamba kutoka kwenye mikoko, "Lipo..." Bibi akamkaripia, "Hiyo sauti ya kuombea maji! Toa!" Ikaja tena, kubwa kidogo. Siku zilizofuata tulimsikia, mumewe akiwa hayupo, akiitika kwa nguvu zake zote. Mumewe akiwapo, debe, ko, ko, ko. Na baba mdogo alikuwapo mara nyingi, maana alikuja kuhakikisha mama yake anashindwa.

Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mavuno yakaja. Tulianza kukata kwa visu vidogo, suke kwa suke, na mimi sikuwa na hakika. Ile pembe ya kijitoni ilikuwa bado inanitazama na makapi yake. Je, jumbe akiiona hiyo tu? Bibi alikuwa akikata huku ananinong'oneza hesabu za mchezo, kwamba nisijidanganye, jana kanishinda. Nikamwambia, "Bibi, shamba lako liko kwenye mizani na wewe unasema mchezo?" Akaacha kisu. "Nisiposema mchezo nitalia," akaniambia, "na mtu akilia haoni suke." Ndipo nilipojua kuwa naye hakulala.

Jumbe alifika asubuhi na baba mdogo nyuma yake. Walianza dungu la pili, wakaenda hadi mwisho wa mstari, wakarudi. Kwa bi mdogo jumbe alishika suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Likaruka lote. Akashika jingine, likaruka. Akaja kwetu. Alianzia pembe ya kijitoni, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amepita pale, ameingia katikati, na mpunga umemfika kifuani, umeinama kwa kujaa. Akafikicha suke, akapuliza, kiganja kikabaki kimejaa. Akafikicha jingine karibu na dungu, hivyo hivyo. Akatafuna punje moja, akaitema kando, akamnyooshea baba mdogo kile kiganja.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Kwenye kijito hiki chote sijaona kama huu. Haya, bwana. Una neno la kusema."

Majirani walikuwa wameacha visu. Bi mdogo naye alikuwa amekuja, amesimama nyuma ya Mmatumbi, kanga mdomoni. Baba mdogo akaja hadi chini ya dungu letu. Bibi alikuwa amekwisha panda, amekaa juu ya fito, miguu inaning'inia. Mwanamume akatazama vidole vyake vya miguu matopeni.

"Mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayesali kimoyomoyo, "shamba ni lako."

"Unasemaje?"

"Nasema shamba ni lako."

Kweli hapakuwa na mtu aliyesikia ila mimi na jumbe. Na upande wa mbali ambako hatujakata, kundi lilikuwa limekwisha kuja, linazunguka, linashuka. Bibi akaweka kiganja sikioni. Akamwambia mwanawe kwa upole, kama mama yeyote anavyomwambia mtoto wake, "Sikusikii, mwanangu. Piga kelele. Huoni ndege wanatua?"

Baba mdogo alimtazama mama yake. Nilidhani ataondoka. Nadhani naye alidhani ataondoka. Kisha akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamsimama, akageukia bonde akapasua kwa nguvu zote Mungu alizompa, "Shamba ni lakooo! Mamaaaa! Shamba ni lakooo!"

Ndege waliruka wote kwa pamoja. Bibi akakaa palepale juu ya fito anacheka huku machozi yanamchuruzika hadi kidevuni, na mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likanikauka.